Mapafu si kipimo cha upumuaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala ya sayansi mliyoichapa hivi karibuni kuhusu jinsi viumbe wanavyopumua. Nimefundisha baiolojia kwa muda mrefu, na hufurahi kila ninapoona gazeti la Kiswahili limetenga ukurasa mzima kwa jambo ambalo kwa kawaida huachwa darasani. Hata hivyo, makala ile ilikuwa na madai matatu ambayo siwezi kuyaacha yapite, kwa sababu ni yale yale ninayokutana nayo katika madaftari ya wanafunzi: kwamba viumbe wadogo wasio na mapafu hawapumui kwa maana kamili, kwamba samaki hupata oksijeni kwa kuyapasua maji, na kwamba njia za kupumua zinaweza kupangwa kama ngazi, amiba akiwa chini kabisa na binadamu juu. Dai la tatu ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa ndilo linalozaa mawili ya kwanza.

Kabla ya kutaja mapafu au matamvua, inafaa tujiulize hewa inakwenda kufanya nini mwilini. Jibu zito lilipatikana Ufaransa katika majira ya baridi ya 1782 hadi 1783, wanasayansi Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walipomweka mnyama mdogo wa jamii ya wagugunaji ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima kiasi cha barafu kilichoyeyushwa na joto la mwili wake pamoja na hewa ukaa aliyoitoa, kisha wakalinganisha vipimo hivyo na vya makaa yanayowaka. Walihitimisha kwamba kupumua ni mwako wa polepole. Lavoisier alidhani mwako huo hutokea mapafuni. Leo tunajua kwamba hutokea ndani ya seli zenyewe, na kwa wanyama, mimea na kuvu hukamilika katika vijisehemu vidogo viitwavyo mitokondria, ambamo chakula huvunjwa kwa msaada wa oksijeni na nguvu yake kuhifadhiwa kwa matumizi ya seli. Mapafu, basi, ni mlango tu. Kiumbe anayeweza kuifikisha oksijeni kwenye seli zake bila kujenga mlango wa namna hiyo hajapungukiwa na chochote.

Tumwangalie amiba, ambaye makala yenu ilimwita kiumbe asiye na uwezo wa kupumua. Yeye ni seli moja, na kwa kawaida upana wake haufiki milimita moja. Oksijeni iliyoyeyuka katika maji yanayomzunguka hupenya utando wake na kuingia ndani, kwa sababu molekuli za gesi husambaa zenyewe kutoka mahali zilipo nyingi kwenda mahali zilipo chache; na kwa kuwa seli inaitumia oksijeni kila wakati, ndani huwa na upungufu wa kudumu na njia hubaki wazi. Hewa ukaa hutoka kwa kanuni ile ile, ikielekea upande wa pili. Hakuna msuli, hakuna bomba, hakuna damu, na bado kazi yote aliyoieleza Lavoisier inafanyika.

Ugumu huanza mwili unapokua. Kusambaa kwa gesi majini ni kwepesi katika umbali mdogo, lakini umbali ukizidi mara kumi, muda unaohitajika huzidi mara mia. Oksijeni huvuka sehemu ya mia ya milimita kwa muda usiofika hata sekunde moja. Kuvuka sentimita moja ya maji yaliyotulia huichukua saa kadhaa. August Krogh, mwanafiziolojia wa Denmark aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1920, alionyesha kwa hesabu kwamba kiumbe wa mviringo anayetegemea njia hii peke yake hawezi kuzidi unene wa milimita moja au mbili bila seli zake za ndani kukosa oksijeni. Ndiyo maana minyoo bapa ni bapa. Si kwamba maumbile yalishindwa kuwapa kifua. Umbo lao lenyewe ndilo kifua chao, kwa kuwa hakuna seli iliyo mbali na ngozi. Sifongo wa baharini amepata suluhisho jingine: mwili wake umetobolewa vijia visivyohesabika ambamo maji husukumwa bila kukoma na seli zenye vijimkia, hivyo hata sifongo mkubwa kuliko ndoo ana seli ambazo kila moja iko jirani na maji mapya.

Ningependa wasomaji wafahamu kwamba kanuni hiyo ya amiba ndiyo inayofanya kazi ndani ya mapafu yetu pia, na kwamba jambo hilo lilibishaniwa sana. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mwalimu wa Krogh, Christian Bohr, aliamini kwamba mapafu huivuta oksijeni kwa juhudi, kama tezi inavyotoa jasho au mate. Mwaka 1910 Krogh, akishirikiana na mke wake Marie ambaye alikuwa daktari, alichapisha mfululizo wa vipimo vilivyoonyesha kinyume cha imani ya mwalimu wake: oksijeni hupita kutoka vifuko vya hewa kuingia kwenye damu kwa kusambaa tu. Tulichonacho sisi ni ukubwa wa eneo na wembamba wa ukuta. Vifuko vya hewa katika mapafu ya mtu mzima ni mamia ya mamilioni, na utando unaotenganisha hewa na damu una unene usiofika sehemu ya elfu moja ya milimita. Kati ya seli ya amiba na pafu la mtu hakuna tofauti ya kanuni hata kidogo.

Nyungunyungu anastahili maneno machache, kwa kuwa makala ilisema kwamba hupumua kupitia mdomo. Hana mapafu wala matamvua, na mdomo wake ni wa kula udongo. Ngozi yake ndiyo chombo chake chote cha kupumulia: hutoa ute unaoifanya iwe na unyevu, oksijeni huyeyuka katika unyevu huo, hupenya hadi kwenye mishipa midogo iliyo chini ya ngozi, na hapo hubebwa na hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, ambayo kwake yeye haimo ndani ya seli nyekundu bali imeyeyuka katika maji ya damu. Ngozi ikikauka, oksijeni haipiti, na mnyama hufa akiwa amezungukwa na hewa tele. Aina moja ya Australia, inayoishi Gippsland katika jimbo la Victoria, hufikia urefu wa mita moja na zaidi, jambo linaloonyesha kwamba mnyama anayepumua kwa ngozi anaweza kuwa mrefu sana ilimradi abaki mwembamba na damu yake izunguke.

Sasa nije kwa samaki, maana hapa kosa ni kubwa na limeenea. Makala ilisema kwamba matamvua huitenganisha oksijeni iliyomo katika maji kwa sababu maji yameundwa kwa haidrojeni na oksijeni. Sivyo hata kidogo. Kuipasua molekuli ya maji kunahitaji nguvu nyingi mno, na hakuna mnyama anayefanya hivyo. Samaki hutumia oksijeni ya hewa iliyoyeyuka majini, ile iliyoingia kutoka angani au iliyotolewa na mimea na mwani. Uthibitisho wake ni rahisi: maji yakichemshwa na kuachwa yapoe katika chombo kilichojaa na kuzibwa barabara, gesi zilizoyeyuka huwa zimefukuzwa, na samaki akitiwa humo huishiwa pumzi, ingawa kila molekuli ya maji bado ina oksijeni yake kama kawaida. Simshauri mtu amtese samaki ili kuliona hilo, kwa sababu jambo lenyewe huonekana hata bila jaribio. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo zaidi: katika nyuzi 0 za selsiasi lita moja ya maji baridi yasiyo na chumvi huweza kushika miligramu kama 14, lakini katika nyuzi 30 hushika kati ya 7 na 8 tu. Kwa hiyo siku za joto kali samaki huja juu na kutwetea kwenye uso wa maji. Bwawa lililojaa mwani nalo linaweza kuonekana lenye afya mchana, kisha samaki wakafa alfajiri, kwa sababu usiku mwani hautoi oksijeni bali huitumia pamoja na kila kiumbe kilichomo.

Ukiufikiria ugumu wa kazi ya samaki, hutathubutu kumweka chini ya binadamu katika ngazi yoyote. Lita moja ya hewa ina takriban mililita 210 za oksijeni. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 ina zisizozidi 7. Tena maji ni mazito kuliko hewa kwa mara 800 hivi, kwa hiyo kuyavuta ndani na kuyatoa kwa njia ile ile, kama sisi tufanyavyo na hewa, kungemmaliza nguvu. Samaki huyapitisha upande mmoja tu: huingia kinywani, hupita katikati ya matamvua, na kutoka chini ya kifuniko cha shavu. Ndani ya matamvua kuna vijikunjo vyembamba sana ambamo damu hutiririka kuelekea upande ulio kinyume na mwelekeo wa maji, na hilo ndilo jambo la ajabu kuliko yote. Damu iliyokwisha kupata oksijeni kiasi hukutana na maji mapya yenye oksijeni nyingi zaidi, na damu yenye oksijeni kidogo kuliko yote hukutana na maji yanayokaribia kutoka ambayo bado yamebaki na kidogo. Hivyo katika kila hatua maji huwa na cha kuipa damu. Kama vyote viwili vingetiririka upande mmoja, vingelingana katikati ya njia na mpito ungesimama hapo. Kwa mpangilio huu samaki wengine huweza kuchota hata asilimia 80 ya oksijeni iliyomo katika maji yanayopita. Sisi huvuta hewa yenye asilimia 21 ya oksijeni na kuitoa ikiwa bado na 16 hivi, yaani tunachota robo tu.

Kwa nini basi samaki hufa nchi kavu, penye oksijeni nyingi zaidi? Kwa sababu vijikunjo vile vilikuwa vikitegemezwa na maji. Yakiondoka, hushikamana, eneo la kupitishia gesi hutoweka, na kisha hukauka. Jodari na baadhi ya papa wana sharti jingine, kwamba lazima waogelee bila kusimama huku vinywa vikiwa wazi ili maji yapite. Lakini dai kwamba papa wote hufa wakisimama si kweli, maana wako papa wengi wanaolala chini ya bahari wakisukuma maji kwa misuli ya kinywa na koo.

Wadudu hawakupata zaidi ya sentensi mbili katika ukurasa wenu, nami naona ndio waliodhulumiwa kuliko wote. Mwaka 1669 Marcello Malpighi wa Italia alichapisha uchunguzi wake wa nondo wa hariri, na humo alieleza jambo ambalo watu hawakulitazamia: mdudu hana mapafu, bali mwili wake umejaa vijibomba vya hewa vinavyoanzia kwenye vitundu vilivyo ubavuni. Vijibomba hivyo hugawanyika na kugawanyika tena hadi kuwa vyembamba kuliko unywele, vikaishia kando ya seli zenyewe, na katika misuli ya kurukia huzama ndani kabisa ya nyuzi za msuli. Hewa hufika kwa seli ikiwa bado hewa. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa oksijeni husambaa hewani kwa kasi ya mara 10,000 hivi kuliko majini, na kwa sababu hiyo damu ya wadudu wengi haibebi oksijeni kabisa wala haina wekundu. Panzi huonekana akitanua na kubana tumbo lake. Huko ndiko kupumua kwake, naye anaweza kuvifungua vitundu fulani na kuvifunga vingine ili hewa iingie mbele na kutokea nyuma. Ukimzamisha mdudu mwili mzima ukakiacha kichwa chake juu ya maji, hutakuwa umemwachia njia ya hewa, kwa maana hapumui kwa kichwa.

Jambo hili limekuwa na matumizi makubwa katika afya ya watu. Viluwiluwi wa mbu, ingawa huishi majini, hupumua hewa ya juu: wale wa jamii ya Culex huning'inia kichwa chini, wakitoa kijibomba cha mkia kwenye uso wa maji, na wale wa Anopheles, waenezao malaria, hawana kijibomba hicho na hulala sambamba na uso wa maji ili vitundu vyao viguse hewa. Utando mwembamba wa mafuta juu ya maji huziba vitundu hivyo na kuwaua. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba wadudu hawapumui kwa maana kamili hawezi kuelewa kwa nini mbinu hiyo hufanya kazi. Na viluwiluwi wa kereng'ende wana njia ya peke yao: huvuta maji kupitia tundu la nyuma, huyapitisha kwenye matamvua yaliyo ndani ya utumbo wa mwisho, kisha huyatoa, na wakitishwa huyafyatua kwa nguvu wakaruka mbele. Jongoo bahari naye hupumulia tundu hilo hilo. Watoto hucheka wakisikia hivyo, nami huwaacha wacheke, kisha nawauliza ni kitu gani kingine utando ule unahitaji zaidi ya kuwa mwembamba, wenye unyevu, na wenye maji mapya yanayopita.

Mfumo wa vijibomba una mpaka wake: mwili ukiwa mkubwa, njia huwa ndefu mno. Wataalamu wengi wanalihusisha hilo na wadudu wakubwa wa kale kama Meganeura, aliyefanana na kereng'ende na aliyekuwa na mabawa ya upana wa sentimita 65 hivi miaka milioni 300 iliyopita, wakati ambapo hewa inakadiriwa kuwa na oksijeni nyingi kuliko leo. Ubishi juu ya hilo haujaisha, lakini inatosha kuonyesha kwamba kimo cha viumbe na hewa wanayoivuta ni mambo yanayofungamana.

Nirudi kwenye ngazi. Anayeichora huanza na matamvua kisha huweka mapafu juu yake, kana kwamba mapafu yalikuja baadaye kama zawadi kwa walioendelea. Hata Charles Darwin, mwaka 1859, aliandika kwamba mapafu yalitokana na kibofu cha kuelea cha samaki. Ushahidi uliopatikana tangu hapo umeugeuza mpango huo: samaki wa kale wenye mifupa walikuwa na mapafu sahili, na kibofu cha kuelea cha samaki wengi wa leo ndicho kilichotokana nayo. Yaani samaki wengi walikuwa na mapafu wakayabadilisha kwa kazi nyingine. Kamongo ameyahifadhi, na ameyategemea kiasi kwamba aina za Afrika hufa maji kama zikizuiwa kufika juu kuvuta hewa. Bwawa likikauka, hujichimbia katika tope, hujizungushia ganda la ute uliokauka, na kusubiri mvua kwa miezi mingi akipumua kidogo kidogo kupitia tundu dogo. Kambare alipata njia tofauti, kiungo chenye matawi juu ya matamvua yake, nacho humwezesha kuvuta hewa na kutambaa kutoka dimbwi moja hadi jingine usiku wenye unyevu.

Salamanda, wanyama wenye mkia walio jamaa wa chura, ndio wanaoivunja kabisa hoja ya ngazi. Familia yao kubwa kuliko zote, Plethodontidae, yenye aina zaidi ya 400, haina mapafu hata kidogo. Mababu zao walikuwa nayo. Wao wameyaacha, na sasa hupumua kwa ngozi na kwa utando wa kinywa, na wamestawi katika sehemu kubwa ya Marekani ya Kaskazini na ya Kati. Chura yuko katikati: utotoni hutumia matamvua, ukubwani hutumia mapafu na ngozi kwa pamoja, na sehemu kubwa ya hewa ukaa yake hutokea ngozini. Hana kiwambo, yaani ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, wala mbavu za kutanua kifua, hivyo huimeza hewa, yaani huifungia kinywani na kuisukuma chini kwa sakafu ya kinywa. Ule mtikisiko wa koo lake unaoonekana daima ni sehemu ya kazi hiyo. Chura wa Ziwa Titicaca, aishiye katika maji baridi kwenye milima ya Andes, ana mapafu madogo sana na ngozi iliyojaa mikunjo inayoning'inia, kwa sababu ngozi ndiyo inayofanya kazi.

Kama ni lazima pawe na mfumo wa mapafu uliozidi mingine, basi si wetu. Mapafu yetu ni mifuko ambayo hewa huingia na kutoka kwa njia moja, na kila pumzi mpya huchanganyika na mabaki ya pumzi iliyotangulia. Mapafu ya ndege hayatanuki wala kubana. Yamepitiwa na vijibomba vilivyo wazi pande zote mbili, na mifuko ya hewa, ambayo kwa ndege wengi ni 9, hufanya kazi ya mivukuto mbele na nyuma yake. Hewa anayoivuta ndege huingia kwanza katika mifuko ya nyuma. Akitoa pumzi, hewa hiyo hupita mapafuni. Akivuta mara ya pili, huhamia mifuko ya mbele. Na akitoa mara ya pili ndipo hutoka nje. Matokeo yake ni kwamba hewa safi hupita mapafuni upande mmoja, avute au atoe. Tarehe 29 Novemba 1973 ndege ya abiria iligongana na tai wa aina ya Rüppell juu ya Abidjan, kwenye kimo cha mita 11,300 hivi, mahali ambapo mtu asiye na mtungi wa oksijeni hupoteza fahamu kwa muda wa dakika moja hivi. Mwaka 2010 watafiti walithibitisha kwamba hata katika mapafu ya mamba hewa hupita upande mmoja, jambo lililowashangaza wengi waliodhani mpangilio huo ni wa ndege peke yao.

Kuna tofauti moja kati ya wakaao majini na wakaao nchi kavu ambayo ningependa ukurasa wenu uiandike kwa herufi kubwa, kwa sababu inahusu maisha ya watu. Samaki huongeza kasi ya kupumua hasa anapokosa oksijeni, kwa kuwa hiyo ndiyo adimu kwake, na hewa ukaa humtoka kwa urahisi kwa vile huyeyuka sana majini. Sisi, kinyume chake, tunasukumwa hasa na hewa ukaa, kama John Scott Haldane na J. G. Priestley walivyoonyesha nchini Uingereza mwaka 1905: ikizidi kidogo tu katika damu, ubongo hutulazimisha kuvuta pumzi. Kwa sababu hiyo mtu anayepumua haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzamia hujidanganya. Haongezi oksijeni ya maana, bali huondoa hewa ukaa, na chini ya maji oksijeni inaweza kwisha na akazimia kabla mwili haujamwambia apande juu. Vijana wanaoshindana kukaa chini ya maji wanapaswa kuambiwa hivyo waziwazi. Nyangumi hawategemei hila hiyo. Wao huhifadhi oksijeni katika damu na misuli, na mmoja wa aina inayoitwa nyangumi mdomo-koko wa Cuvier alipimwa akikaa chini kwa saa 3 na dakika 42.

Mwisho kabisa wako wanaoishi bila oksijeni, ambao makala haikuwagusa. Louis Pasteur aliita uchachu maisha bila hewa, baada ya kuona kwamba hamira huendelea kuishi palipofungwa kwa kuvunja sukari na kutoa kileo na hewa ukaa. Bakteria wa pepopunda huuawa na oksijeni, na ndiyo sababu kidonda chembamba kilichozama ndani kina hatari kuliko mchubuko ulio wazi. Bakteria wengine wa matope hutumia salfeti mahali pa oksijeni na kutoa ile gesi yenye harufu ya yai viza. Hata miongoni mwa wanyama, fuko asiye na manyoya ameonekana katika maabara akistahimili dakika 18 bila oksijeni yoyote na kuzinduka salama, kama ilivyochapishwa mwaka 2017. Na mwaka 2020 watafiti walieleza kimelea kidogo cha samaki aina ya salmoni, Henneguya salminicola, jamaa wa mbali wa matumbawe, ambaye amepoteza jenomu yote, yaani jeni zote, ya mitokondria na pamoja nayo uwezo wa kutumia oksijeni. Huyo ni mnyama kwa ukoo wake, na hapumui oksijeni kamwe. Kama yupo mmoja anayestahili sentensi mliyomwandikia amiba, basi ni huyo.

Kwa hiyo, Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwamba sehemu ya pili ya makala, ambayo mmeahidi kuichapa, ianze na utando na ukubwa wa mwili badala ya kuanza na mapafu, na ule mchoro wa ngazi uondolewe. La pili ni kwamba sahihisho la sentensi inayohusu samaki na maji lichapwe mapema, bila kusubiri sehemu hiyo, kwa kuwa walimu wengi hukata kurasa zenu za sayansi na kuzibandika kwenye kuta za madarasa, na zikishabandikwa huko hukaa miaka.

Wako,
Mwalimu wa baiolojia